Xi'an hadi Kashgar kwa treni na basi, mkiwa na watoto na bibi

Mleta mada, umeuliza kama familia yenye watoto wadogo inaweza kutoka Xi'an mpaka Kashgar, magharibi ya mbali ya China, bila kupanda ndege, na kama Lhasa inaweza kuingizwa humohumo. Naona wengi wamekujibu "panda ndege, usitese watoto". Mimi njia hiyo nimeipita likizo ya kiangazi na mume wangu, watoto wetu wawili (mmoja miaka tisa, mwingine minne) na mama mkwe aliyetoka Tanga kututembelea. Inawezekana kabisa, na kwangu mimi watoto ndio waliofaidi kuliko wote. Sharti moja tu: ratiba ipangwe kwa kumfuata yule mdogo na yule mzee, ninyi wa katikati mtajibeba.

Lhasa, mji mkuu wa Tibet, iweke kando. Mgeni haingii Tibet kivyake, hata awe na kibali cha kuishi China. Lazima upitie wakala akuombee kibali maalumu, na muwe na mwongozaji muda wote. Halafu reli ya kwenda Lhasa inapanda hadi mita 5,072 juu ya usawa wa bahari pale kwenye milima ya Tanggula. Kwa bibi mwenye presha na mtoto wa chekechea, hiyo ni safari ya siku nyingine.

Turudi kwenye njia yako. Ni karibu kilomita 4,000, na sisi tuliigawa hivi: Xi'an, Lanzhou, Zhangye, Jiayuguan, Dunhuang, Turpan, Kashgar. Vipande vifupi tulitumia treni ya mwendokasi, mchana. Kipande kirefu cha mwisho tulipanda treni ya kawaida yenye vitanda, usiku. Basi tulipanda pale tu palipohitajika.

Tiketi. Pakua 12306, programu ya tiketi ya reli ya China, sajili pasipoti za wote mpaka za watoto, na subiri uhakiki wa pasipoti ukamilike kabla ya kupanga chochote. Tiketi zinafunguliwa siku 15 kabla ya safari. Julai na Agosti vitanda vya chini huisha kabla hujamaliza kuchagua majina ya abiria, kwa hiyo saa ya kufunguliwa uwe tayari umekaa na simu mkononi. Tangu Januari 2023 watoto wanahesabiwa kwa umri, si kwa urefu tena. Chini ya miaka sita anasafiri bure kwa kulala na mzazi, mtoto mmoja kwa kila mtu mzima. Kuanzia sita hadi kumi na nne kuna punguzo, ila punguzo ni la nauli, kitanda mnakilipia kamili. Tiketi ya karatasi hakuna, pasipoti ndiyo tiketi. Mageti ya mashine yametengenezwa kwa vitambulisho vyao, kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye geti lenye mhudumu.

Daraja la kitanda kigumu au kitanda laini? Kigumu. Aliyepanda TAZARA daraja la pili anaujua mpangilio: vitanda sita, vitatu kila upande. Tofauti ni kwamba hapa hakuna mlango, behewa zima ni njia moja ndefu na kila mtu anamwona mwenzake. Kwa watoto hilo ni jambo jema. Kitanda cha chini mpe bibi, na huyo mdogo alale naye au na wewe hapohapo chini. Cha juu kabisa mpe baba, maana huwezi hata kuketi wima. Kila behewa lina mtungi wa maji ya moto saa zote, ndiyo maana abiria wote wamebeba tambi za bakuli na majani ya chai. Beba ndala, tishu (chooni usitegemee kukuta), na kanga mbili. Kanga ya mama mkwe iligeuka pazia, shuka, taulo, na mara moja kibebeo cha mtoto kuvuka daraja la stesheni. Saa nne usiku taa zinazimwa, wanyamaze wasinyamaze.

Lanzhou kaeni kwa ajili ya tambi za nyama ya ng'ombe, supu nyepesi yenye figili nyeupe, giligilani na mafuta ya pilipili. Ni chakula cha Wahui, Waislamu wa huko, kwa hiyo wanaotafuta halali hawahangaiki. Unachagua unene wa tambi na mpishi anaivuta mbele yako. Mwanangu mkubwa alisimama kwenye dirisha la jiko mpaka supu yake ikapoa. Jifunze kusema "bu yao la", bila pilipili, la sivyo watoto hawatakula.

Kutoka Lanzhou, mwendokasi wa kwenda Xinjiang, jimbo ilimo Kashgar (reli ya kilomita 1,776 iliyofunguliwa Desemba 2014) unapita Xining kisha unapenya milima ya Qilian kwa handaki lililo juu ya mita 3,600. Masikio yanaziba, na pakiti zetu za biskuti zilivimba zikawa ngumu kama mpira. Wape watoto kitu cha kutafuna. Dakika chache baadaye mnashuka na hali inarudi kawaida.

Zhangye ina ile milima ya rangi rangi. Ndani mnazungushwa kwa mabasi ya hifadhi, wazee hawapati shida. Nenda jioni, mchana rangi zinafifia. Jiayuguan ni ngome ya 1372, mwisho wa magharibi wa Ukuta Mkuu wa China wa enzi ya Ming. Nusu siku inatosha.

Dunhuang msiiharakishe. Mapango ya Mogao, mahekalu ya kale ya Kibuddha, yanahitaji tiketi mapema sana, maana miezi ya kiangazi idadi ya watu kwa siku ina kikomo. Kwanza mnaoneshwa filamu kwenye kituo cha wageni, kisha basi linawapeleka, halafu mwongozaji anawafungulia mapango machache tu, tochi mkononi, na kupiga picha ni marufuku. Nilidhani watoto wangechoka. Kumbe giza na tochi viliwateka, na walipoingia pango namba 96 wakainua shingo kumtazama Buddha wa mita 35.5 hawakusema neno. Huyo mkubwa alitaka zaidi habari za pango namba 17, ambako mwaka 1900 mtawa Wang Yuanlu alikuta maelfu ya hati zimefungiwa nyuma ya ukuta. Nyingi zilichukuliwa na wageni, akiwemo mpelelezi wa mambo ya kale Aurel Stein, zikaishia London na kwingineko. Swali la mwanangu lilikuwa, "Walirudisha?" Hawakurudisha. Jioni nendeni kwenye vilima vya mchanga, kodini zile soksi za machungwa zinazovaliwa juu ya viatu, na ngamia wa nundu mbili mwacheni baba alipie.

Sasa basi. Kutoka Dunhuang kupata mwendokasi wa Xinjiang mnashuka kwa basi hadi Liuyuan, jangwa tupu, kama saa mbili. Angalia sana jina: kuna Liuyuan na kuna Liuyuan Kusini, ni stesheni mbili tofauti. Turpan mtego ni uleule: Turpan Kaskazini ya mwendokasi iko karibu na mji, lakini stesheni ya zamani, ambako mtapanda treni ya Kashgar, iko Daheyan, karibu kilomita 50 kutoka mjini. Basi za mbali za usiku sikushauri ukiwa na watoto. Kwa sheria zinatakiwa kusimama kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo mnalala mmeegeshwa mahali msipopajua, na choo ni cha kubahatisha.

Kabla ya Turpan mtaona kuta ndefu za zege kando ya reli. Ni za kuzuia upepo. Februari 2007 upepo wa eneo la Turpan uliangusha mabehewa 11 ya treni ya abiria na kuua watu. Turpan yenyewe ni tanuri, ziwa lake la Ayding liko mita 154 chini ya usawa wa bahari. Tulikuwa tunatoka asubuhi na jioni tu. Mchana tulijificha kwenye karez, mifereji ya chini ya ardhi inayoleta maji ya mlimani, na chini ya mizabibu.

Jiandae na ukaguzi ukiingia Xinjiang. Pasipoti zinatazamwa mara nyingi, mizigo inapita mashine kila stesheni, kisu cha kumenyea matunda na kopo la dawa ya mbu vitabaki kwa askari. Msikasirike, wekeni muda wa ziada. Hoteli pia: moja ilitukataa usiku, mtoto amelala begani, eti hawapokei wageni wa nje. Tangu hapo tulikuwa tunapiga simu kuthibitisha kabla hatujalipa.

Na saa. China nzima inafuata saa ya Beijing, lakini Wauighur wengi, Waislamu wenyeji wa Xinjiang, wanahesabu saa mbili nyuma yake. Kashgar mwezi Julai jua linazama baada ya saa nne usiku, watoto hawaelewi kwa nini walale. Ukipatana na dereva, muulize anataja saa ipi. Sisi wa saa ya Kiswahili tulikuwa na saa za aina tatu kichwani.

Kashgar mtakula mpaka mchoke: mishikaki ya kondoo, mikate ya tandoori, na polo, ambayo mama mkwe aliionja akasema ni pilau iliyosahau viungo ikakumbuka karoti. Watu watataka kupiga picha na watoto na kugusa misuko yao. Wafundisheni mapema kusema hapana, na mwenye kauli ya mwisho awe mtoto. Msikiti wa Id Kah, wa 1442, mgeni anaingia kwa tiketi. Mama mkwe alimtolea salamu mzee mmoja nje, akajibiwa kwa sauti ya chini sana, mzee akaendelea na njia yake. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti Agosti 2022 kuhusu Waislamu wa huko, isome kabla ya kwenda. Mkiwa kule msimuulize mtu maswali ya siasa wala dini. Ninyi mtaondoka, yeye anabaki na majibu yake.

Ukitaka kupanda hadi Tashkurgan, kibali cha mpakani kinahitajika, na ziwa Karakul njiani liko mita 3,600. Mume wangu alikwenda na mkubwa, sisi wengine tukabaki mjini. Kurudi, pandeni ndege. Kutazama jangwa lilelile mara ya pili na mtoto aliyeishiwa tambi hakuna anayekulazimisha.