Mke Mfilipino na cheti cha CFO: mnachotakiwa kuandaa kabla hajafika dirisha la uhamiaji Manila

Mkuu, nimekuelewa hivi: wewe ni Mtanzania, kazi yako iko Doha, umeoa Mfilipino mliyekutana hukohuko, shemeji kaenda kwao likizo na sasa anataka kutoka Manila kuja Dar kwa wakwe. Kaambiwa bila "semina ya CFO" hapandi ndege. Unauliza kama ni kweli, kama kuna njia ya mkato, na wewe unaingia wapi.

Ni kweli. Njia ya mkato ipo midomoni mwa mawakala tu. Na wewe unaingia kwa sehemu kubwa, maana karibu kila swali atakaloulizwa shemeji kwenye chumba cha mahojiano linakuhusu wewe.

CFO ni Tume ya Wafilipino Walioko Ng'ambo. Iliundwa mwaka 1980 na iko chini ya Ofisi ya Rais. Wana programu ya ushauri nasaha kwa Wafilipino wenye wachumba au wenza wa kigeni, wanawake kwa wanaume, na anayeimaliza anapewa cheti. Ukitaka kuelewa kwa nini maswali yao yanaingia ndani kiasi kile, anzia kwenye sheria. Mwaka 1990 Ufilipino ilipitisha sheria ya kupiga marufuku biashara ya kuwatafutia wageni wake kwa katalogi na matangazo. Mwaka 2016 ikaja nyingine mahali pake, Sheria ya Jamhuri Na. 10906, inayogusa pia wanaume na biashara ya aina hiyo inayofanyika kwenye intaneti. Mshauri anayekaa na shemeji anatafuta dalili mbili: kwamba kuna mtu kati alilipwa kuwaunganisha, au kwamba huyu dada anapelekwa mahali asipopajua na mtu asiyemjua. Hana ugomvi na wewe binafsi wala na Afrika. Akimuuliza mkeo mshahara wako, usichukue kama tusi.

Sasa kosa linalowakamata wengi. Shemeji atakwambia, "Semina mbona nilishafanya." Ni kweli aliifanya, lakini ile ilikuwa ya wafanyakazi: kabla ya kwenda Doha mara ya kwanza alihudhuria semina ya OWWA, shirika lao la ustawi wa wafanyakazi wa ng'ambo, na akapata karatasi ya ajira ya ng'ambo wanayoiita OEC. Ile inamtambua kama mfanyakazi. CFO nayo ina semina mbili tofauti: moja ya wanaohama moja kwa moja kwenda kuishi nje, na hii ya wenza wa wageni inayoambatana na mahojiano ya mtu mmoja mmoja. Cheti cha moja hakisimami mahali pa nyingine. Kwa hiyo kama anarudi Doha kazini kwake na OEC yake, anatoka kama mfanyakazi na mambo yake ni mengine. Akitoka kama mke wa mgeni, anatakiwa na cheti cha ushauri nasaha. Cheti hichohicho huombwa na Wizara ya Mambo ya Nje yao anapotaka pasipoti yenye jina lako.

Hapo kwenye jina tulia kidogo. Sheria ya Ufilipino haimlazimishi mke kuchukua jina la mume. Anaweza kuolewa na kubaki na pasipoti yenye jina la kwao hadi uzeeni. Wengi hukimbilia kubadili kwa mapenzi, kisha kibali cha ukaazi Qatar kinasoma jina la zamani, pasipoti jipya, na benki haijui imshike nani. Sheria mpya ya pasipoti ya mwaka 2024 inamruhusu aliyebadili kurudi kwenye jina la kwao, lakini mara moja tu. Ushauri wangu: kama hakuna sababu ya haraka, abaki na jina lake mpaka makazi yenu yatulie.

Tuje kwenye makaratasi, maana hapa ndipo watu wengi hukwama, kuliko kwenye mahojiano yenyewe.

La kwanza ni ndoa. Mkifungia nje ya Ufilipino, ndoa hiyo lazima iripotiwe kwenye ubalozi au ubalozi mdogo wa Ufilipino wa huko ilikofungwa. Mkichelewa mtadaiwa hati ya kiapo ya kueleza kwa nini. Taarifa hiyo husafiri hadi Manila, ikaingizwa kwenye kumbukumbu za PSA, mamlaka yao ya takwimu, ambayo ndiyo inayotoa vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa. Safari hiyo huchukua miezi. Kwa hiyo mwanamke anafika likizo, anaomba cheti cha PSA, anaambiwa hakuna ndoa ya jina hilo. Nakala yenye mhuri wa ubalozi ndiyo itakayomsaidia hapo katikati, basi asiiache Doha kwenye droo.

Kisha jina lako kwenye hiyo ripoti. Ufilipino, jina la katikati ni la ukoo wa mama kabla hajaolewa. Kwetu jina la pili ni la baba. Tuseme unaitwa Salum Hamisi Mrisho: karani wa kule anaona "Hamisi" na kuamini ni ukoo wa mama yako, halafu fomu inapouliza jina la mama unajibu Mwinyimkuu, majibu hayalingani, naye "anasahihisha" kwa nia njema. Matokeo yake ripoti ya ndoa inasoma Salum Mwinyimkuu Mrisho na pasipoti inasoma Salum Hamisi Mrisho. Kwa macho ya mshauri hao ni watu wawili. Soma rasimu herufi kwa herufi kabla ya kusaini, na hakikisha majina yako yanafuata pasipoti tu. Kosa dogo la herufi linaweza kurekebishwa kiutawala bila kwenda mahakamani, kwa sheria yao ya 2001, lakini linakula muda, na likizo ya shemeji haingoji.

La pili ni ndoa za nyuma, za pande zote mbili. Ufilipino haina talaka kwa raia wasio Waislamu (Waislamu wana sheria yao tangu 1977). Mtu anaweza kuwa ametengana na mume tangu enzi, watoto wamekua, yule bwana anaishi na mwingine, na bado kisheria ni mke wa mtu mpaka mahakama ibatilishe ndoa. Kumbukumbu za PSA huonyesha hivyo. Ile karatasi ya kuonyesha kwamba mtu hajaoa wala hajaolewa inaitwa CENOMAR. Waliobaki wachumba wataulizwa hiyo, na wewe uulizie mapema hata kama mnaaminiana, kwa sababu kuoa juu ya ndoa iliyo hai kule ni jinai.

Kwa upande wako, kama ulishaoa ukaacha, andaa hati ya mahakama. Tanzania Bara talaka inatolewa na mahakama. Karatasi ya shehe au ya baraza la usuluhishi peke yake haitoshi, na mshauri wa Manila hatajua aisomeje. Zanzibar na Kenya zina mahakama za kadhi, hati zao zinatambulika, lakini iwe ni hati yenye mhuri wa mahakama. Ikiwa imeandikwa Kiswahili, itafsiriwe Kiingereza na mtafsiri anayekubalika, ipite Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Ufilipino ulioko Nairobi. Wenzetu wa Rwanda na Burundi wana nafuu: nchi zao zimo kwenye mkataba wa Apostille, unaofanya hati ithibitishwe mara moja bila kupitia ubalozi, na Ufilipino imo tangu Mei 2019.

Zaidi ya hapo, mpe shemeji nakala ya ukurasa wa pasipoti yako, kitambulisho chako cha ukaazi Qatar, na kitu cha kuonyesha kazi yako. Yeye awe na pasipoti yake halisi, vitambulisho vyake viwili, na nakala za kila kitu.

Usajili sasa unaanzia mtandaoni, kwenye mfumo wao wa OFIRS. Huko anajaza taarifa na kuchagua nafasi. Tangu wakati wa UVIKO sehemu kubwa ya huduma ilihamia mtandaoni, basi asome vizuri nafasi aliyoichagua kama ni ya video au ya kufika ofisini. Ofisi kuu ya Manila iko Barabara ya Quirino, kona ya Osmeña Highway. Cebu nako kuna ofisi, na anayetoka Visayas, visiwa vya katikati, hana sababu ya kulipa nauli ya Manila. Ada ni mamia ya peso, si maelfu, na inalipwa kwao kwa risiti ya serikali. Mtu wa pembeni anayesema ana "mtu ndani" anauza foleni ambayo haipo, au anauza cheti feki, na cheti feki kinatambulika papo hapo dirishani.

Siku yenyewe ina sehemu mbili. Kwanza kikao cha kundi: maisha ya ugenini, sheria, unyanyasaji wa majumbani, biashara ya binadamu, nani wa kumpigia. Hii inapita. Ya pili ni mshauri na shemeji peke yao, na hapo jina lako linatajwa kila dakika. Mlikutana wapi, lini mara ya kwanza ana kwa ana, nani aliwakutanisha. Una umri gani, umewahi kuoa, una watoto wangapi, unawalea vipi. Unafanya kazi gani, unalipwa kiasi gani. Mnaongea lugha gani. Familia yako inajua? Ataishi wapi na nani?

Wanaorudishwa waje tena na vielelezo zaidi ni wale ambao hawajawahi kuonana na mwenza ana kwa ana, waliounganishwa na mtu wa malipo, wenye pengo kubwa sana la umri, au wanaoambiwa "mume wako alishawahi kumleta mke mwingine" na ndiyo kwanza wanasikia. Nyie mliokaa mji mmoja mnayo nafuu kubwa: mikataba ya kupanga, picha za miaka tofauti, tiketi za safari za pamoja. Afike navyo.

Kuna maswali mawili yanawaangusha wake wa watu wetu hasa. La kwanza ni anwani. Mshauri anataka nyumba na mtaa, na shemeji anatoa "S.L.P. fulani, Dar es Salaam". Hilo ni sanduku la barua, na kwake linasikika kama unaficha unakoishi. Mwandikie namba ya nyumba au kiwanja kama ipo, mtaa, kata, wilaya, na jina la mwenye nyumba au mzazi atakayemlaki. Kata aielezee kama barangay, kitengo cha chini cha utawala kwao, watamwelewa haraka.

La pili ni mitala. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inaruhusu ndoa ya wake wengi, na ya Kenya ya 2014 inazihesabu ndoa za Kiislamu na za kimila kuwa zenye uwezekano huo. Ukiwa Mwislamu hili litaulizwa, na hata ukiwa Mkristo linaweza kuulizwa. Wanachopima ni kama mkeo anajua ndoa yenu imeandikishwa ya aina gani. Mke anayejibu kwa utulivu "iko hivi, tumekubaliana hivi" anapita. Anayeshtuka pale kitini anaambiwa akazungumze kwanza na mumewe. Kwa hiyo zungumzeni kabla.

Ajue pia atakuwa nani kisheria akifika. Kwetu ataingia kama mke wa raia na kuomba kibali cha tegemezi, na Tanzania haitambui uraia pacha, hivyo asidanganyike kwamba atashika pasipoti zote mbili. Kwa Kenya, Katiba ya 2010 inampa mwenza haki ya kuomba uraia baada ya miaka 7 ya ndoa. Tena ubalozi wa Ufilipino ulio karibu na Dar uko Nairobi. Namba zake awe nazo.

Uwanja wa ndege sasa. Ndani ya saa 72 kabla ya kuondoka ajaze eTravel, fomu ya safari ya mtandaoni ya serikali yao. Ni bure, na tovuti inayodai malipo ni ya matapeli. Cheti awe nacho kwenye simu na kwenye karatasi. Ofisa wa uhamiaji anaweza kurudia maswali yaleyale, na jibu liwe lilelile. Kile wanachokiita "offload", yaani kuzuiwa dirishani begi likiwa limeshaingia, huwapata zaidi wanaosema "naenda kutalii" wakati simu imejaa picha za harusi. Akiwa mke, aseme ni mke.

Kuna mtu atakwambia arudi Doha kwanza kama mfanyakazi, kisha Doha hadi Dar, hapo hamna dirisha la Manila. Ni kweli, akitoka Doha hakuna wa kumuuliza cheti. Lakini siku atakayokwenda kumuona mama yake na kutaka kurudi kwako, swali liko palepale. Bora alimalize sasa yuko kwao.

Tiketi isiyorudishwa pesa usinunue kabla cheti hakijatoka. Na ukinunua, jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti atakayoishika siku hiyo, hata kama cheti cha ndoa kinasoma jina lako.