Barua kwa mwanangu: mwendo wa nuru ulipimwaje?

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza watu wa zamani waliupimaje mwendo wa nuru, nao hawakuwa na kompyuta wala saa za umeme. Umegusa penyewe, maana saa ndiyo iliyowakwamisha.

Galileo, mwanasayansi wa Italia, alipendekeza watu wawili wasimame mbalimbali usiku, kila mmoja na taa iliyofunikwa. Mmoja afunue yake, mwenzake akiiona naye afunue. Haikufaa. Kwenda kilomita moja na kurudi, nuru haimalizi hata sehemu moja ya laki moja ya sekunde. Pale ulipimwa wepesi wa mikono tu.

Kama saa yako ni nzito, tafuta safari ndefu. Safari hiyo aliipata Ole Rømer, Mdenishi aliyefanya kazi Paris, na aliipata kwa bahati. Wanajimu wa pale walikuwa wakitafuta ratiba ya Io, mwezi mmojawapo wa Mshtarii, ili wachora ramani waitumie kama saa inayoonekana kutoka nchi yoyote. Io huingia kwenye kivuli cha sayari yake kila baada ya saa 42 na nusu hivi. Ajabu, Dunia ilipokuwa ikijitenga na Mshtarii mwezi huo ulichelewa, na iliposogea karibu uliwahi. Septemba 1676 Rømer akatangaza kwamba tarehe 9 Novemba Io ungetoka kivulini dakika 10 nyuma ya ratiba. Ikawa hivyo. Kwake sababu ilikuwa moja: nuru ina njia ndefu zaidi ya kutufikia. Cassini, mkubwa wa kituo cha kutazama nyota cha Paris, hakukubali. Vigogo ndivyo walivyo! Rømer alikadiria kwamba nuru huvuka upana wa njia ya Dunia kuzunguka Jua kwa dakika 22. Leo tunajua ni 16 na ushee. Huygens, mwanasayansi Mholanzi, alipoigeuza hesabu hiyo kuwa mwendo, akapata kama kilomita 220,000 kwa sekunde.

Mimi lakini nampenda zaidi Fizeau, Mfaransa, kwa sababu aliishusha kazi yote ardhini. Mwaka 1849 alipitisha mwali kwenye pengo la gurudumu lenye meno 720, kutoka Suresnes, karibu na Paris, hadi kwenye kioo kilichowekwa kilimani Montmartre, mita 8,633. Gurudumu likizunguka polepole, nuru inarudi kupitia pengo lilelile. Likiongezwa kasi, inakuta jino limeshafika, na mtazamaji haoni kitu. Giza hilo la kwanza lilikuja kwenye mizunguko 12.6 kwa sekunde.

Sasa shika kalamu. Meno 720 na mapengo 720 ni hatua 1,440. Zidisha kwa 12.6, upate hatua 18,144 kwa sekunde. Katika hatua moja nuru imekwenda na kurudi, kilomita 17.266. Zidisha hizo mbili: ni zaidi kidogo ya kilomita 313,000 kwa sekunde. Jibu la kweli ni 299,792.

Wasalimie wenzako.

Baba yako