Fundi wa Sauti Anajibu: Ardour, bafa na ombi la maqam

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu wanaorekodi muziki kwa Linux, hasa kwa Ardour, programu ya kurekodi na kuchanganya sauti. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatamfaa zaidi ya yule aliyeuliza.

Ardour inacheza sauti vizuri lakini hairekodi. Maikrofoni nimechomeka, taa ya kadi ya sauti inawaka. Tatizo liko wapi? (Mwalimu wa kwaya, Dodoma)

Mwalimu, tazama lile dirisha la kuchagua mfumo wa sauti linalotokea unapofungua kazi mpya. Kama umechagua PulseAudio, sababu ndiyo hiyo: ndani ya Ardour njia hiyo ni ya kusikiliza tu, haipokei sauti. Chagua ALSA, kisha chagua kadi yako kwa jina. ALSA ikishika kadi huishika peke yake, kwa hiyo usishangae kivinjari kikinyamaza wakati unarekodi.

Ukitaka Ardour na kivinjari vitoe sauti kwa pamoja, chagua JACK kwenye dirisha lile lile. Kwenye kompyuta nyingi za sasa kazi ya JACK inafanywa na PipeWire, ambayo Fedora imeifanya mfumo wake wa kawaida wa sauti tangu toleo la 34, na Ubuntu tangu 22.10 (zote mbili ni aina za Linux). Andika `pactl info` kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri; neno PipeWire likionekana kwenye mstari wa Server Name, unayo. Kwa Ubuntu ongeza kifurushi cha `pipewire-jack`, halafu ufungue kwa `pw-jack ardour`. Na kama maikrofoni yako ni ya kondensa, washa umeme wa volti 48 kwenye kadi, la sivyo itabaki bubu.

Shikamoo fundi. Nikiimba huku nimevaa hedifoni, najisikia nimechelewa nyuma ya mdundo. Kaka yangu anasema laptopu ni dhaifu, ninunue nyingine. (Mwimbaji, Mombasa)

Marahaba. Usinunue kitu bado. Kompyuta haipeleki sauti tone kwa tone, bali huikusanya kwenye bafa, na bafa ikijaa ndipo inaisukuma mbele. Bafa ya fremu 1024 (vipande vidogo mno vya sauti) kwa kasi ya vipande 48,000 kwa sekunde ni milisekunde 21 na ushei, na hapo tumehesabu upande mmoja tu. Sauti yako inaingia, inachakatwa, inatoka, na kila hatua inadai muda wake. Mwimbaji mwenye sikio zuri lazima alihisi pengo hilo. Shusha bafa hadi 256, utabaki na milisekunde 5 na kidogo. Ukishuka hadi 128 ni chini ya 3.

Kuna gharama yake. Bafa ikiwa ndogo, prosesa inalazimika kuamka mara nyingi zaidi, na ikichelewa hata mara moja utasikia mkwaruzo. Kosa hilo linaitwa xrun, na Ardour inalihesabu pale juu ya dirisha. Ikikwaruza kwenye 128, panda 256. Zima Wi-Fi, toa kompyuta kwenye hali ya kubana umeme, ondoa plagini nzito (programu ndogo za sauti zinazopachikwa ndani ya Ardour) kwenye treki unayorekodi. Ukimaliza kurekodi na kuanza kuchanganya sauti, rudisha 1024, kwa sababu wakati huo hakuna anayeimba na kuchelewa hakumuumizi mtu.

Je, hedifoni zako ni za Bluetooth? Kama ndiyo, ziweke kando kabla ya yote niliyosema. Kuchelewa kwake kwa kawaida huzidi milisekunde 100, na hakuna bafa utakayoshusha ikaziponya. Tafuta za waya.

Niliwaandikia watengenezaji: “Ardour inajifunga kila mara, tafadhali rekebisheni.” Hawakunijibu. Je, hawajali watu wa huku kwetu? (Mtayarishaji, Mwanza)

Ndugu yangu, uchungu wako naufahamu, lakini wanajali. Ardour ilianzishwa na Paul Davis, na hadi leo sehemu kubwa ya msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, inaandikwa na yeye pamoja na watu wachache mno. Watu hao wanapokea malalamiko kutoka dunia nzima. Sentensi yako haikuwapa pa kuanzia, kwa hiyo wangelazimika kukuuliza maswali kumi kabla ya kugusa chochote.

Anza kwa kutafuta wewe mwenyewe nani mkosaji. Ardour huendesha plagini ndani ya mwili wake, hivyo plagini moja mbovu inaweza kuiangusha programu nzima pamoja na kazi yako. Fungua kazi ileile plagini zote zikiwa zimezimwa. Ikitulia, ziwashe moja moja hadi mhalifu ajitokeze. Mara nyingi utagundua kwamba barua yako ilipaswa kwenda kwa aliyetengeneza plagini.

Kosa likibaki, andika hivi: “Ardour 8.6, nimeipakua kwenye tovuti yao. Ubuntu 24.04. Kadi ya USB, jina na modeli hii. ALSA, 48,000, bafa 256. Nafungua kazi mpya, naongeza treki moja ya stereo, nabonyeza kurekodi, nasimamisha, nafuta kipande. Programu inajifunga. Imetokea kila nilipojaribu.” Mistari hiyo michache inamwezesha mtu aliye bara jingine kulizalisha kosa lako kwenye meza yake, na kosa linaloweza kuzalishwa upya limekwisha kutatuliwa nusu.

Lile neno “nimeipakua kwenye tovuti yao” lina uzito. Ardour iliyokuja na Ubuntu au Debian imejengwa na watu wa Ubuntu au Debian, na timu ya Ardour haitoi msaada kwa matoleo hayo. Jaribu kwanza toleo lao wenyewe.

Napiga qanun, ala ya nyuzi. Nimeomba programu mbili tofauti ziongeze “mizani ya Kiarabu” na zote zimekaa kimya. Tutangoja hadi lini? (Mpiga taarab, Unguja)

Barua hii imenigusa kuliko zote, maana anachoomba si anasa. Maqam ni mizani ya muziki wa Kiarabu, yaani mpangilio wa sauti za wimbo. Kwenye maqam ya Rast, sauti ya tatu inakaa kati ya funguo mbili za kinanda cha kawaida: ukianzia Do, ni chini kidogo ya Mi ya asili na juu ya Mi iliyoshushwa nusu. Programu inayojua sauti 12 tu inampokonya mpigaji kiungo cha muziki wake. Hilo linastahili kusemwa kwa sauti kubwa.

Ila linapaswa kusemwa kwa namna ambayo mtu asiyewahi kusikia taarab ataelewa. “Ongeza mizani ya Kiarabu” ni suluhisho ulilolibuni wewe, na msomaji wake hajui kama unataka orodha ya majina, kinanda kinachoonekana tofauti, au sauti zenyewe zibadilike. Mweleze kazi: “Narekodi qanun halisi, kisha nataka kuongeza kinanda cha MIDI (kinachopigisha sauti za kompyuta) kinachofuata Rast. Sauti ya tatu ishuke takriban robo toni. Katikati ya wimbo tunahamia maqam nyingine, kwa hiyo nahitaji kubadili bila kusimamisha wimbo.” Ambatisha rekodi fupi ya sekunde chache za qanun peke yake. Hapo umempa kitu cha kupimia.

Kabla ya kuomba, angalia kama kitu hicho tayari kipo mahali pengine. Surge XT, ambayo ni sintesaiza huria (programu ya kutengeneza sauti za ala), inasoma mafaili ya Scala yenye mwisho wa .scl, yanayoeleza mizani yoyote unayotaka. Sintesaiza za Yoshimi na ZynAddSubFX nazo zinayapokea. Ziweke ndani ya Ardour kama plagini, na nusu ya haja yako itatimia leo hii. Ombi lako litakalobaki litakuwa dogo na wazi: kubadili mizani katikati ya wimbo.

Kuhusu kungoja, kuna mambo ambayo yanachelewa kwa sababu yanagusa msingi wa programu. Watumiaji wa Audacity, programu nyingine ya kurekodi, waliomba kwa miaka mingi efekti zinazoweza kubadilishwa huku wimbo ukiendelea. Zilikuja kwenye toleo la 3.2, mwaka 2022, wakati programu yenyewe ilikuwapo tangu 2000. Pia atakayekubali ombi lako atalitunza kwa miaka, hata baada ya wewe kuhama programu. Akikataa, usimtukane. Leseni inakuruhusu wewe, au kijana wa programu utakayemlipa, kuchukua msimbo na kuubadilisha.

Kama ni programu huria, mbona Ardour inadai pesa? (Mwanafunzi, Kampala)

Uhuru wake uko kwenye msimbo, na huo unapatikana bure chini ya leseni ya GPL, ile inayokuruhusu kuubadilisha. Wanacholipisha ni toleo lililokwisha kujengwa, kuanzia dola 1. Toleo lao la majaribio hunyamaza baada ya dakika 10. Asiye na dola atumie `sudo apt install ardour`, na hakuna sheria atakayokuwa amevunja. Ukipata uwezo, lipa. Watu hawa wanaishi kwa malipo hayo.

Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Naweza kuripoti kosa? (Fundi mitambo, Bujumbura)

Unaweza. Sentensi fupi, namba za matoleo, picha ya skrini, rekodi ya mkwaruzo wenyewe.

Wameniambia kosa langu limerekebishwa na “nijaribu toleo la usiku”. Ndiyo nini? (Mtangazaji, Nakuru)

Ni toleo linalojengwa upya kutoka msimbo wa siku hiyo, kabla halijatangazwa rasmi. Lijaribu, kisha warudishie jibu: limepona au halijapona, na namba ya toleo. Wengi hukaa kimya hapa, na ripoti inabaki wazi bila mtu kujua kama kazi imefaulu. Ila nakili folda nzima ya kazi yako kwanza, na ujaribie kwenye ile nakala. Faili likihifadhiwa na toleo jipya huenda lile la zamani likashindwa kulifungua.