Mwanangu, hiyo sketi ya usaili

Mwanangu,

Ama baada ya salamu, mimi na baba yako hatujambo. Mdogo wako naye hajambo, anachoumwa ni maneno mengi tu. Hofu ni kwako wewe uliye kwenye hilo joto la Dar.

Ile sauti uliyonitumia jana usiku nimeisikiliza mara tatu. Umeitwa kwenye usaili wa benki, nafasi ya afisa mikopo, Jumatatu ya wiki ijayo, siyo hii ya keshokutwa, saa tatu asubuhi, Posta. Umezunguka Kariakoo siku nzima, na duka la nne muuzaji amekutazama juu mpaka chini akakwambia "dada, saizi yako hapa hatuna" kabla hujafungua mdomo. Mwisho ukaniuliza: "Mama, nivae nini nisionekane bonge, na nisilowe jasho?" Nimeona nikuandikie, maana nikikupigia utaishia "haya mama, sawa mama", na ukikata simu umeshasahau nusu.

Umeuliza maswali mawili. La jasho nitakujibu. La kutoonekana bonge kitambaa chake sijawahi kukiona tangu nikalie cherehani. Utaingia pale na mwili wako, na wanaokusaili wana macho. Nguo ikikukaa, wataona mwanamke mnene aliyevaa vizuri, na baada ya dakika moja watakuwa wanasikiliza unachosema kuhusu mikopo. Isipokukaa, wataangalia kifungo kinacholia kifuani, na wewe mwenyewe utakuwa unakifikiria hicho kifungo badala ya riba.

Najua ninachokisema. Mwaka 1994 nilikuwa na mwili kama wako huo huo, nikaitwa kwenye ofisi moja hapa Tanga kwa kazi ya ukarani. Nikaazima suti ya rafiki yangu. Sketi ilipita kwa kuvuta pumzi, zipu ubavuni, nikajipa moyo kwamba sitakula mpaka nirudi. Nimekaa mbele ya wazee watatu, kalamu ikaniponyoka, nikainama. Zipu ikaachia yote kwa sauti ya muuza vitambaa anayechana marekani dukani. Nilitoka kinyumenyume, faili nimelikumbatia ubavuni, na mzee mmoja kwa adabu zake akajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Kazi sikuipata. Baba yako mpaka leo husema ni zipu. Mimi nadhani ni upigaji chapa wangu, nilikuwa natafuta herufi moja moja kama mtu anayechambua mchele.

Sasa nikueleze kwa nini maduka yanakukataa. Nguo nyingi za Kariakoo zinatoka Guangzhou, China, na ukiziangalia utaona zimekatwa kwa mwili mwembamba halafu zikakuzwa kila upande kwa pamoja. Ukichukua XXXL ili nyonga zipite, unapewa na mabega ya XXXL, yanakuangukia mpaka katikati ya mkono, unaonekana umevaa koti la mjomba. Lakini mtu hanenepi mifupa ya bega. Bega lako liko palepale lilipokuwa ukiwa kidato cha sita. Kilichoongezeka ni kifua, mkono wa juu, tumbo na nyonga. Kwa hiyo acha kusoma herufi za kwenye lebo. Blauzi inunue kwa kifua, sketi kwa nyonga, koti kwa mabega na mkono wa juu, basi. Kiuno kikipwaya, fundi anapunguza kwa nusu saa. Nguo ndogo ndiyo mtihani. Igeuze ndani uangalie akiba ya mshono. Kama kuna inchi nzima kila upande, inaachilika. Kama imekatwa ikaishia kwenye uzi, irudishe ulipoitoa.

Koti usihangaike lifunge. Likikaa begani na mkono ukainama bila kubana, liache wazi juu ya blauzi nzuri. Hakuna sheria ya kufunga koti, na kwa kifua chetu cha ukoo kifungo kile kimoja huwa kinapigana vita peke yake.

Kama una siku moja ya kuzunguka, usirudi kwenye maduka yale. Nenda mitumba, Karume pale Ilala, asubuhi na mapema mabelo yakifunguliwa. Usicheke. Wanawake wa Uingereza, Canada na Marekani wenye miili kama yetu ni wengi, na nguo zao za ofisi zinaishia humo. Tafuta mwenye belo la suti za kike au sketi, usipoteze muda kwenye mchanganyiko. Ukisoma lebo kumbuka namba ya Uingereza imetangulia ya Marekani kwa nne, yaani 16 ya Marekani ni kama 20 ya Uingereza, ndiyo maana unaweza kuvaa mbili zenye namba tofauti na zote zikakutosha. Na ukiona 18 imefuatwa na herufi W, ishike usiiachie. Hiyo imekatwa kwa mwanamke mnene tangu mwanzo, ina nafasi kifuani, nyongani na kwenye mkono, haikukuzwa tu. Muuzaji mwachie namba yako ya simu na umwambie saizi bila kuona haya, atakuwekea. Wateja wa saizi ndogo wanagombania vya kwao, vyako anabaki navyo.

Maduka ya nguo za Uturuki nayo yajaribu, yale wanayonunua akina mama wa stara. Yana namba za Ulaya zinazopanda mpaka 50 na kupita, na zimekatwa ndefu. Ubaya wake ni kitambaa. Nyingi ni poliesta tupu, na Februari ya Dar ukivaa poliesta ni sawa na kujifunga mfuko wa Rambo.

Hapo ndipo penye jasho lenyewe. Kaskazi bado inavuma, mchana joto linapita 30 na hewa imejaa maji, jasho halikauki hata usimame kwenye upepo. Kitambaa kiwe pamba, au kitani, au pamba iliyochanganywa kidogo ili isijikunje sana. Wauzaji watakuapia kila kitu ni pamba. Omba uzi mmoja wa pembeni, uchome kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha jivu jepesi la kupeperusha. Poliesta inayeyuka, inajikunja, inaacha kidonge cheusi kigumu. Mwenye duka akikukatalia uzi, ameshakujibu.

Na rangi. Kijivu kikatae, hata kikupendeze vipi. Tone moja la jasho kwapani linaonekana kama ramani. Bluu ya mbingu na kaki vilevile. Nyeupe haisemi, bluu iliyoiva haisemi, na maua madogo madogo yanaficha kila kitu. Nyeusi nayo haisemi, ila utasimama juani kituoni, utaijutia. Kwapani mwa blauzi nitakushonea vipande viwili vya pamba vya kuchomoa na kufua. Wateja wangu walimu ndio walionifundisha hicho. Ukibahatika kupata blauzi huko huko, bandika kwa ndani kifungo cha kubonyeza katikati ya vile vifungo viwili vya kifuani. Ule uwazi wa kuchungulia hautatokea tena hata ucheke.

Ngoja niseme na la chini, maana najua hutaniuliza. Mapaja yanasuguana, na kutoka Kimara mpaka Posta kwa joto hilo utafika yamechubuka, utakaa kwenye kiti cha usaili umekunja uso na wao wadhani una kiburi. Vaa taiti ya pamba inayofika juu ya goti, paka mafuta ya mgando kwanza, halafu shimizi nyepesi. Zile taiti za kukaza tumbo ziache nyumbani. Unazivaa upungue inchi mbili, unaishia kukosa pumzi ya kujibu swali la tatu. Sidiria ile mpya, siyo ile ya kushindia. Blauzi ileile inakaa tofauti kabisa.

Usiende na kitu kinachobana, hata kama wenzako wanavaa. Serikali ilipotoa waraka wa mavazi ya watumishi mwaka 2007, ukakataza nguo za kubana na fupi, nilipata kazi ya kupanua sketi kwa miezi. Na nikaona jambo moja lililonikera. Walioambiwa "nguo yako inabana" wengi walikuwa wanene. Sketi ileile, kwa msichana mwembamba ikiitwa nadhifu, kwao ikiitwa ya kubana. Si haki, lakini Jumatatu hatuendi kudai haki ya sketi, tunaenda kutafuta kazi. Benki si serikali, ila macho ni yaleyale.

Sasa nije kwenye yangu. Sketi nakushonea mimi. Nina kitambaa cha pamba nzito, bluu iliyoiva, kimekaa kabatini tangu Idi kikingoja mwenye bahati. Nakukatia ya vipande sita, siyo ile ya kunyooka kama bomba. Ya bomba ukisimama inapendeza. Ukikaa, nyonga zinaivuta juu shubiri nzima, unabaki unaishusha kwa mikono mbele za watu. Ya vipande sita imebana kiasi kiunoni na inafunguka kidogo kuanzia nyongani, kwa hiyo ukikaa haina cha kuvuta. Urefu chini ya goti, vidole vinne. Utapanda basi la mwendokasi bila kushika pindo. Kiunoni naweka mkanda wa kitambaa mbele, na nyuma lastiki pana, huku na huku ya zipu. Ukila, inakula na wewe. Zipu naiweka nyuma, ya chuma, na juu yake bizimu mbili. Unajua kwa nini.

Naomba vipimo, na usinikadirie. Kifua, ukiwa na ile sidiria. Kiuno, pale unapoinamia, siyo pale unapotamani kiwe. Nyonga pima mara mbili, ukiwa umesimama na ukiwa umekaa kwenye kiti. Umekaa inaongezeka inchi moja mpaka mbili na nusu, mafundi wengi hawapimi hivyo na ndiyo maana sketi zao zinakufa kwenye viti. Mkono wa juu upime umekunja kiwiko. Na urefu kutoka kiunoni mpaka chini ya goti, mbele na nyuma, kwa sababu nyuma yetu huchukua kitambaa zaidi na pindo hupanda usipolitazamia. Mwambie mwenzako wa chumba akushikie tepu, peke yako utajidanganya. Namba ikikushtua, iandike hivyo hivyo. Cherehani haina mdomo.

Ukishaipata ivae Jumapili nyumbani saa nzima. Kaa, inama uokote kitu, panda ngazi, nyoosha mkono kama unayempa mtu faili. Jaribu na mtandio wako juu, wa pamba, usiwe ule wa kuteleza unaoupandisha kila dakika. Viatu vya kisigino kifupi, na kama unanunua, nunua jioni, mguu ukiwa umeshavimba na joto. Jumatatu toka Kimara saa kumi na mbili na nusu, koti mkononi limekunjwa bitana nje. Ukifika kaa mapokezi kwenye kiyoyozi dakika kumi, ujipanguse uso, ndipo uvae koti. Humo ndani kuna baridi, utalishukuru.

Shangazi yako alipita hapa asubuhi, nikamwambia umeitwa kwenye usaili. Akasema, "Mashallah, na alivyonawiri mtoto yule." Wiki hiyohiyo Kariakoo wanakwambia saizi yako hawana. Mimi nimecheka, nikamwekea chai.

Leo ni Jumamosi. Nipe vipimo kabla ya saa mbili usiku, maana kesho nataka kukata kwenye mwanga wa asubuhi, macho yangu ya jioni siyaamini tena. Jumatano naituma kwa basi la kwanza, jioni yake uende Mbezi ukaichukue. Mzigo nitaufunga kwenye kanga ile ya kahawia. Kanga uirudishe.

Mama yako
Ngamiani, Tanga