"Dawa teule" au "dawa teuzi"?

SWALI: Natafsiri ikisiri ya utafiti wa ubongo. Inataja dawa zinazozuia aina moja ya vipokezi vya glutamati (kemikali inayopitisha ujumbe kati ya seli za ubongo) na kuziacha nyingine. Mwenzangu ameandika "dawa teule", nami naona halijakaa sawa. Tuandikeje? (Mwanafunzi wa famasia)

JIBU: Sikio lako halijakudanganya. Mteule ni aliyeteuliwa, kama mtume alivyo aliyetumwa na kiumbe kilichoumbwa. Bunge likiunda Kamati Teule, tunaelewa kuwa wajumbe wake wamechaguliwa. Ukiandika "dawa teule", msomaji atadhani mtafiti ndiye aliyeichagua dawa hiyo kabatini, ilhali hapa anayechagua ni dawa yenyewe. Mtenda huja na -i: mshinde kashindwa, mshindi kashinda. Wahenga nao waliposema mteuzi haishi tamaa, walimlenga mwenye kuchagua. Basi ni dawa teuzi, kizuizi kiteuzi, vizuizi viteuzi.

Nakusihi usikimbilie "mahususi". Neno hilo hufunga mlango: ni hiki tu, basi. Uteuzi una viwango, na katika fani yenu viwango ndivyo vyenye uzito. AP5, dawa ambayo mtafiti wa ubongo Richard Morris na wenzake waliitia kwenye ubongo wa panya katika utafiti wao wa 1986 kuhusu kujifunza, huzuia vipokezi vya NMDA na kuviacha vya AMPA, vyote viwili vikiwa aina za vipokezi vya glutamati. Hiyo iite teuzi bila wasiwasi. Lakini tazama asidi ya kaini, iliyopatikana kwenye mwani wa Japani. Vipokezi vya kaineti vimepata jina kwake, na bado huamsha vya AMPA pia. Anayeiita mahususi amepotezwa na jina. Na MPEP, dawa inayotumika kuzuia mGlu5, aina nyingine ya kipokezi cha glutamati, dozi ikipanda hugusa hata vya NMDA.

Kwa hiyo andika: "MPEP ni teuzi zaidi kwa mGlu5 kuliko kwa NMDA", kisha utaje dozi. Ukiacha "kuliko", msomaji hajui dawa imechagua kati ya nini na nini.

Jihadhari pia na nomino. "Uteuzi wa dawa" husomeka kama kazi ya daktari anayeamua mgonjwa apewe nini. Mimi ningeandika "uwezo wa dawa kuteua kipokezi". Ni maneno matano badala ya matatu, lakini hayana utata.