Tarehe ninayoidai ni ya taarifa ijayo, si ya gemu kutoka

Ndugu mleta uzi ameuliza kama ni haki kuikasirikia kampuni iliyosogeza mbele tarehe ya gemu lake mara mbili kisha ikakaa kimya kwa miezi, na mtu aliyekwisha kulipia gemu hilo kabla halijatoka afanye nini. Wachangiaji walionitangulia wamegawanyika: wapo wanaosema tunyamaze tuwaache watengenezaji wafanye kazi yao, na wapo wanaosema kampuni zote ni za wezi. Nina banda la gemu Kirumba, hapa Mwanza, tangu 2016, na jambo hili limenipata kwa pande zote mbili, kwa kuwa nimewahi kunyamaziwa na nimewahi kuwanyamazia wengine. Jibu langu litakuwa refu kidogo, naomba mnivumilie.

Banda langu halipo mbali na soko la samaki la Mwaloni. Wateja wangu ni wanafunzi wa sekondari, makondakta wa daladala, na vijana wa dagaa ambao ndio hasa wanaonilipia kodi ya chumba. Anayeujua uvuvi wa dagaa anajua kwamba hufanyika usiku kwa taa, na mbalamwezi inapokuwa kali taa hazivuti kitu, hivyo mitumbwi hupumzika na vijana hao hukaa nchi kavu siku kadhaa wakiwa na fedha mfukoni na nafasi ya kucheza. Mimi huyapanga mashindano yangu kwa kuangalia angani kwanza, ndipo niangalie kalenda.

Miaka michache iliyopita kampuni moja kubwa, ambayo sitaitaja, ilitangaza tarehe ya kutoka kwa gemu ambalo vijana wangu walikuwa wakilisubiri kuliko kitu chochote. Nikakuta tarehe ile inaangukia katikati ya siku za mbalamwezi, nikaona nimepata bahati ambayo haiji mara mbili. Nikatangaza mashindano. Vijana 23 walichanga shilingi 10,000 kila mmoja, nami nikaongezea akiba yangu, nikalilipia gemu mapema na kununua mashine moja ya mtumba yenye nguvu ya kuliendesha, kwa sababu zile nilizokuwa nazo zisingeliweza. Siku tisa kabla ya tarehe yenyewe, kijana mmoja alinionyesha kwenye simu yake picha yenye sentensi tatu au nne, ikisema gemu limesogezwa mbele na kwamba tarehe mpya itatangazwa baadaye. Baada ya hapo kampuni ile haikusema neno kuhusu gemu lile kwa miezi mitano.

Kuchelewa kwenyewe kuliniuma siku mbili tatu. Kilichonimaliza ni kwamba kila siku mtu aliingia mlangoni akaniuliza, "Kaka, vipi lile gemu?" nami sikuwa na chochote cha kumwambia. Mwanzoni nilijibu "bado". Baadaye nilianza kuona aibu, nikamwachia mdogo wangu kaunta saa za jioni, nikawa nakuja asubuhi tu wakati banda halina watu. Nilijiambia kuwa naepuka maneno hadi nipate habari ya uhakika. Wiki tatu zilipita hivyo, na katika wiki hizo tatu ikaenea Kirumba yote kuwa nimezila fedha za watu.

Siku moja kijana wa kidato cha tatu alinikuta asubuhi, akiwa na sare za shule. Hakuniuliza habari za gemu. Aliniuliza, "Kaka, hela yetu ipo?" Nilisimama pale nikiwa na ufunguo mkononi, nikatambua kwamba mimi nilikuwa nikiilalamikia kampuni ya ng'ambo kila usiku kwa kosa lile lile nililokuwa nikiwafanyia watoto wa jirani zangu.

Jioni ile nilibandika karatasi mlangoni. Niliandika fedha zilivyotumika, shilingi kwa shilingi. Niliandika kwamba gemu halina tarehe na kwamba anayetaka 10,000 yake aje aichukue. Mwisho niliandika kwamba Ijumaa ijayo saa kumi na mbili jioni nitabandika karatasi nyingine, hata kama hakutakuwa na jipya. Vijana sita walichukua fedha zao, ambazo nililazimika kuziazima, na 17 wakabaki. Ijumaa iliyofuata niliandika: "Hakuna jipya. Karatasi ijayo ni Ijumaa." Sikutegemea kwamba watu wangekuja kuisoma, lakini walikuja. Kuanzia hapo hakuna aliyeniuliza tena "vipi", kwa sababu kila mmoja alijua siku ya kupata jibu.

Nimeanza na hayo kwa sababu ndiyo yaliyonifundisha kutenganisha mambo mawili ambayo wengi katika uzi huu wanayachanganya. Gemu kuchelewa ni jambo la kawaida katika kazi hiyo. Timu ya mamia ya watu inapotengeneza ulimwengu mzima, kosa moja likirekebishwa huweza kuzaa makosa mengine mawili mahali pasipotarajiwa, na hata gemu likikamilika bado Sony, Microsoft na Nintendo hulikagua kabla ya kuliruhusu kwenye mashine zao. Gemu la Nintendo liitwalo The Legend of Zelda: Breath of the Wild lilitarajiwa 2015, likasogezwa 2016, likatoka Machi 2017, na sijakutana na mtu aliyelicheza akalalamika kuwa alisubirishwa bure. Sisi wa Mwanza tunajua kungoja. Daraja la Kigongo–Busisi lilianza kujengwa 2020 na likafunguliwa Juni 2025, na katika miaka yote hiyo kila aliyepanda kivuko kwenda Sengerema au Geita aliziona nguzo zikipanda kutoka majini, akahesabu mwenyewe zilizobaki. Kungoja unachokiona hakuchoshi kama kungoja gizani.

Kuna aliyeuliza kwa nini kampuni zinyamaze ilhali kusema ni bure. Kwa kampuni iliyo kwenye soko la hisa, kusema si bure. Take-Two, wanaomiliki Rockstar, watengenezaji wa magemu ya GTA, walipoisogeza GTA VI kwa mara ya pili tarehe 6 Novemba 2025, walitangaza siku ile ile waliyotoa taarifa ya mapato yao, kwa sababu tarehe ya gemu kama lile ni hesabu ya fedha kwa wenye hisa kabla ya kuwa habari kwa mchezaji. Pia neno lolote la mtengenezaji hugeuzwa ahadi: akisema "tunatumaini mwezi wa tisa", kesho mitandao imeandika "mwezi wa tisa". Na lazima tuseme ukweli kuhusu sisi wenyewe. Oktoba 2020, gemu la Cyberpunk 2077 liliposogezwa mbele kwa siku 21, baadhi ya watengenezaji wake kule Poland walitumiwa vitisho vya kuuawa. Mtu anayemtishia mfanyakazi maisha kwa sababu ya gemu si shabiki mwenzangu, na kila anayefanya hivyo anaipa kampuni sababu nyingine ya kufunga mdomo.

Hiyo Cyberpunk inastahili tuikalie kidogo, kwa sababu inaonyesha kimya cha aina nyingine. CD Projekt, watengenezaji wake, walitangaza kuwa litatoka 16 Aprili 2020, wakahamia 17 Septemba, kisha 19 Novemba, kisha 10 Desemba, na mara zote walitoa barua ya maelezo. Mara ya mwisho walikuwa wamekwisha kutangaza kuwa gemu limekamilika na liko tayari kutiwa kwenye diski. Kwa kipimo cha wengi hapa, hao ni watu wanaozungumza. Lakini waandishi waliopewa gemu mapema ili walitathmini walipewa toleo la kompyuta peke yake, na hali mbaya ya toleo la PS4, mashine ya Sony, ilifichwa hadi watu walipolinunua. Tarehe 18 Desemba, siku nane baada ya kutoka, Sony wakaliondoa dukani mwao na kuanza kurudisha fedha, na halikurudi hadi Juni 2021. Kwa hiyo mtu aweza kusema mara nne na bado akawa ameficha jambo moja ambalo mnunuzi alilihitaji.

Wapenzi wa mpira wana mfano wao. Kampuni ya Konami waliiacha PES, gemu lao la mpira la miaka mingi, wakaleta eFootball tarehe 30 Septemba 2021, ikiwa katika hali iliyowafanya waombe radhi hadharani. Toleo la 1.0 lililopangwa Novemba mwaka huo walilisogeza hadi 2022, na katika tangazo hilo hilo wakasema watawarudishia fedha waliokuwa wamelipia mapema kifurushi cha wachezaji. Hilo nalisifu bila kusita, kwani kuchelewesha ukiwa umerudisha fedha ni uungwana. Ila Master League, ile sehemu ya kuongoza timu yako msimu baada ya msimu, ambayo walisema itakuja kama nyongeza ya kulipia, ilipitiwa na 2023 nzima bila kutokea, na hapo ndipo nawaona vijana wengi wakikata tamaa, maana PES kwao ilikuwa Master League.

Najua mtu ataniletea mfano wa gemu la Silksong. Team Cherry wa Adelaide, Australia, walilitangaza Februari 2019, wakasema Mei 2023 kwamba linachelewa, kisha wakanyamaza karibu kabisa hadi Agosti 2025, walipotangaza kuwa linatoka baada ya wiki mbili. Lilipotoka 4 Septemba, maduka ya mtandaoni yalielemewa na wanunuzi. Ni kweli kimya chao hakikuwaua. Lakini wale ni watu wachache sana, wenye kazi yao wenyewe, wasio na wenye hisa wa kuwahimiza, na hawakuwa wamefungua mauzo ya awali. Mtu ambaye hajachukua shilingi yangu ana haki ya kufunga mlango wake akafanya kazi. Aliyekwisha kuichukua hana haki hiyo, na huo ndio mpaka ninaouchora mimi.

Nintendo waliwahi kuonyesha namna jambo hili linavyofanywa. Januari 2019, Shinya Takahashi, mmoja wa wakuu wao, alitokea kwenye video akasema wazi kwamba gemu lao la Metroid Prime 4, lililotangazwa 2017, halijafikia kiwango, kwamba kazi inaanza upya na studio ya Retro Studios, na kwamba itachukua muda mrefu. Ilikuwa habari mbaya kabisa. Gemu lilikuja kutoka Desemba 2025. Lakini mchezaji aliyesikia maneno yale 2019 aliweza kuamua siku ile ile kununua kitu kingine na kuishi maisha yake. Rockstar nawapa nusu ya sifa hiyo. Baada ya trela ya kwanza ya GTA VI mnamo Desemba 2023 walikaa karibu miezi 17 bila kuonyesha ya pili, huku GTA V ikiwa ya Septemba 2013, kiasi kwamba mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa ni wa kufika darasa la saba. Hata hivyo mara zote mbili walipoahirisha walitaja siku kamili, 26 Mei 2026 na kisha 19 Novemba 2026, na siku kamili humsaidia mtu kama mimi kupanga.

Sasa ndugu yangu, kuhusu fedha yako. Kama ulilipia moja kwa moja kwenye duka la mashine yako, soma masharti yao leo, kwa kuwa maduka mengi hukubali kufuta oda kabla gemu halijatoka. Futa, kisha utalinunua litakapokuwa mkononi mwa watu na umeona linavyokwenda kwenye mashine ya aina yako. Kama ulimpa mtu wa kati fedha taslimu, mwendee ana kwa ana, kwa heshima, wala usimuulize gemu litatoka lini, maana hilo hata yeye halijui; muulize fedha yako iko wapi na atakupa jibu siku gani. Kuhusu hasira, usiipeleke kwa mchoraji au mwandishi wa programu ambaye jina lake umeliona mtandaoni. Iandikie kampuni yenyewe inayolitoa gemu, na uidai jambo ambalo haiwezi kusema haliwezekani: siku ambayo itazungumza tena.

Mimi sikuacha desturi ya karatasi. Hivi sasa mlangoni kwangu ipo ya GTA VI, yenye tarehe ya 19 Novemba 2026 na chini yake Ijumaa ya karatasi inayofuata. Sijapokea mchango wa mtu yeyote, ingawa wapo wanaoniletea kila wiki. Vijana wa dagaa wamekwisha kuihesabu siku hiyo, nao wanasema mwezi utakuwa unakaribia kupevuka, mitumbwi itakuwa imevutwa ufukweni.