Maswali ya Wasomaji: Mlinganyo Uko Wapi?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Kanuni ya mwendokasi ninaijua, yaani umbali ukigawanywa kwa muda, na mlinganyo uliokwisha kuandikwa haunipi shida. Lakini nikipewa hesabu ya mafumbo yenye magari mawili, hukwama kabla ya kuandika chochote. Nianzie wapi?

JIBU: Unakwama kwa sababu unautafuta mlinganyo ndani ya kanuni, ilhali umo katika maelezo ya swali. Kanuni hukusaidia kupata kimoja kati ya vitu vitatu pale viwili vinapojulikana. Kinachozaa mlinganyo ni ile habari isemayo, waziwazi au kwa kuficha, kwamba kitu fulani ni sawa na kingine. Kwa hiyo jiulize kwanza: hapa kilicho sawa ni umbali au ni muda?

Tuseme lori linaondoka kwa mwendokasi wa kilomita 50 kwa saa, na dakika 40 baadaye gari dogo linalifuata kutoka mahali pale pale, kwa njia ile ile, kwa kilomita 75 kwa saa. Gari litalifikia lori baada ya kusafiri kwa muda gani? Wakati gari linapolifikia lori, yote mawili yamekwenda umbali ulio sawa, ingawa muda wao ni tofauti. Ikiwa lori limesafiri kwa saa t, gari limesafiri kwa saa t − 2/3, kwa kuwa dakika 40 ni theluthi mbili za saa. (Wengi huandika 0.40, na hesabu yote huharibika hapo.) Basi:

50t = 75(t − 2/3)

Ukifungua mabano utapata 50t = 75t − 50, yaani t = 2. Usiishie hapo, maana saa 2 ni muda wa lori, nawe umeulizwa muda wa gari, ambao ni saa 1 na dakika 20. Hakiki: 50 × 2 ni 100, na 75 × 4/3 ni 100 vilevile.

Mara nyingine kinachotolewa ni jumla. Mtu akienda kwa kilomita 60 kwa saa, akarudi kwa njia ile ile kwa kilomita 40 kwa saa, na safari nzima ikachukua saa 5, umbali wa kwenda ukiwa x, mlinganyo ni x/60 + x/40 = 5. Zidisha kila sehemu kwa 120 upate 2x + 3x = 600, hivyo x ni kilomita 120. Ukiulizwa wastani wa mwendokasi wa safari hiyo, usijumlishe 60 na 40 ukagawanya kwa 2. Gawanya kilomita zote 240 kwa saa zote 5, upate 48. Wastani unashuka chini ya 50 kwa sababu msafiri alitumia saa 3 katika mwendo wa polepole na saa 2 tu katika ule wa kasi.